Nimeikata khanga ya mama mkwe nikibana matumizi, sasa sijui niendelee au niache

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Morogoro. Jina langu naomba ulihifadhi kwa sababu wifi zangu wanaisoma safu hii.

Mwezi wa kwanza mimi na mume wangu tulikaa tukaizungumza nyumba yetu, ambayo imekwama kwenye renta mwaka wa tatu sasa. Tukakubaliana mwaka huu tupaue, iwe isiwe. Siku zile nilikuwa nimesoma habari za Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, jinsi kila mtu alivyogawiwa kuponi 66 za nguo kwa mwaka. Shati kuponi 5, gauni la pamba 7, viatu vya kike 5, vya kiume 7, suti kamili 26. Ukizimaliza, hata uwe na hela, hununui. Nikaupenda utaratibu huo. Nikanunua kaunta buku, nikagawa kurasa kwa watu wanne, kila mmoja kuponi 66, mitumba ikiwemo. Mume wangu alicheka, akasema sawa.

Cherehani ninayo, ya kukanyaga, aliniachia mama yangu, na kazi yake naijua. Nimegeuza kola za mashati matatu ya mume wangu. Shuka mbili zilizoisha katikati nimezipasua, kingo nikazileta kati. Sketi ya shule ya binti yangu nimeishusha pindo. Maharage nikishayachemsha nayafunika kwenye kapu la kutunza joto yamalizikie humo bila moto, mabaki ya sabuni nayeyusha. Mpaka Agosti hii tumeweka 1,140,000. Kwa daftari langu, kama 230,000 zimetokana na nguo. Nyingine ni mkaa, king'amuzi tulichoacha kulipia, na mume wangu kubeba chakula badala ya kula hotelini.

Mama mkwe alikuja Mei kutibiwa macho, akabaki kwetu. Siku ya kwanza tu alipomwona mwanawe anaenda kazini aliishika kola ya shati akasema, "Hii ncha mbona inatazama juu?" Nilipomweleza, akanyamaza. Jioni akaniambia, "Sisi tulivaa viraka kwa sababu dukani hakukuwa na kitu. Wewe dukani kumejaa." Tangu hapo mume wangu hasemi neno, ila naona anavaa yale mashati mawili ambayo sijayagusa, anafua usiku anavaa asubuhi.

Binti yangu ana miaka 13. Ule mstari mweupe wa pindo la zamani kwenye sketi umemfanya aende shule na sweta amelifunga kiunoni, jua kali hivi. Nimemkanya, haachi.

Sasa kosa langu. Mwezi wa saba nilitaka foronya. Kwenye sanduku nikakuta khanga moja imechuja, imechanika ukingoni. Nilidhani ni ya marehemu mama yangu. Nikaikata, nikatoa foronya mbili, na vipande vya pindo nikazungushia kapu la kupikia. Kumbe ni ya mama mkwe, aliiweka humo alipokuja. Baba mkwe aliinunua mwaka 1981 mume wangu alipozaliwa, alipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na ndiyo iliyombeba mtoto. Ya pili ya doti hiyo ilikwisha zamani. Jina lake lilikuwa WEMA HAUOZI. Mimi nimepitisha mkasi katikati ya jina, foronya moja imeandikwa WEMA HAU. Mama hakunifokea. Aliuchukua mto akaupakata, akakaa hivyo mpaka magharibi.

Juu ya yote, Desemba wifi yangu anaolewa. Sare ni kitenge kipya, na ushonaji juu yako. Kuponi zangu zimebaki 4. Nimesema nitavaa kitenge cha mwaka jana, basi maneno yamekuwa mengi.

Je, niache mpango huu umebakiza miezi minne, au nivumilie? Na ile khanga, inarudishika?

Mwenye Daftari, Morogoro

*

Dada yangu Mwenye Daftari,

Pole sana. Na hongera pia, maana kuweka 1,140,000 kwa miezi minane katika nyumba ya watu wanne, kisha watano, si jambo la kuokota njiani.

Nikikusoma naona umefunga mambo manne katika fundo moja: kola, sketi, khanga na sare. Unauliza uache au uendelee kana kwamba ni kitu kimoja. Tulifungue kidogo kwanza, kwa sababu mengine ni ya ufundi tu, na mengine hayahusu nguo hata kidogo.

Nianze na kuponi. Umechukua ile 66 ukaifanya sheria ya nyumba, lakini ulivyoichukua wewe ni kali kuliko ya vita yenyewe. Mgawo wa Uingereza ulianza tarehe 1 Juni 1941 na ukadumu hadi Machi 1949. Ni kweli baadaye kuponi zilipunguzwa. Lakini nguo iliyokwisha kuvaliwa haikukatwa kuponi. Mitumba ile unayoiandika kwenye daftari lako, Mwingereza wa 1942 angeinunua bila kutoa hata moja. Kofia nazo hazikuhesabiwa. Nguo za watoto zilikatwa kuponi chache kuliko za wakubwa, na mtoto aliyekuwa akirefuka upesi aliongezewa. Kulikuwa na vituo vya akina mama ambako ulipeleka koti lililombana mwanao ukaondoka na la mtoto aliyemzidi. Hata arusi: Elizabeth alipoolewa Novemba 1947, binti wa mfalme, gauni lake lilihitaji kuponi, na serikali ikamwongezea.

Sisemi haya kukusahihisha hesabu. Nauliza tu: je, katika daftari lako, nani ana haki ya kuongezewa? Binti wa miaka 13 anayerefuka kila muhula amepewa sawa na baba yake aliyeacha kukua miaka ishirini iliyopita.

Kuna jingine. Kule mgawo ulimshika kila mtu, mwenye nyumba na mfanyakazi wake. Kola iliyogeuzwa haikumtenga mtu kwa sababu ofisi nzima zimegeuzwa. Kwako umeshika watu wanne mtaani, na watatu kati yao hutoka asubuhi kwenda kukaa na watu wasio na daftari. Na hata kule wanaume walikuwa na mipaka yao. Serikali ilipopiga marufuku suruali zenye pindo la nje ili kuokoa kitambaa, wengi walinunua suruali ndefu kuliko miguu yao wakaenda kuzikunja nyumbani, na mwaka 1944 sharti lile likaondolewa. Mumeo anayefua mashati mawili usiku ameshasema, ila hajatumia mdomo. Alikubali Januari kabla hajajua nguo ipi na kwa sura gani. Umewahi kumuuliza tena?

Sasa kola yenyewe, maana mama mkwe ana jicho, macho mabovu au la. Kola ya shati huwa na pande mbili, ya juu na ya chini, na ya chini hukatwa ndogo kwa milimita mbili tatu ili ncha zivutwe chini. Ukiigeuza, upande mdogo unakuja juu, na ncha zinainuka. Si kosa la mshono wako, ndivyo kola ilivyokatwa. Shati la namna hiyo unaweza kulipunguzia tatizo kwa mvuke: lowesha kitambaa, tandika kola juu ya taulo iliyoviringishwa, piga pasi ncha zikiwa zimeinamia chini, acha ipoe hapo hapo. Itatulia siku moja, si mwezi. Dawa ya kudumu ni kufumua kola, kugeuza ndani nje, na kuushona upya ukingo ukiipunguza ile pande kubwa hadi ilingane na ndogo. Kazi ya saa mbili kwa kola moja. Na kabla ya kugeuza kola yoyote chungulia upande wa chini. Ukikuta vijifuko vya vile vijiti vya plastiki au tundu za vifungo kwenye ncha, usiiguse, kwa sababu vitakuja juu vyote. Ukikuta kitambaa kigumu cha ndani kimebanduka na kufanya malengelenge, nacho hakitanyooka.

Mashati matatu yamekuokolea kiasi gani? Kati ya 230,000 za nguo, na hizo 230,000 ni kama moja ya tano ya akiba yote. Mkaa, king'amuzi na chakula cha mchana ndivyo vilivyobeba nyumba yako, na sijaona mahali umeandika kwamba kuna mtu analia kwa ajili ya kapu la maharage. (Kwenye kapu nina neno moja tu: maharage yaliyolowekwa usiku yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla hujayafunika, na yachemke tena kabla ya kupakua. Moto wa uvuguvugu hauui sumu ya maharage mabichi, hasa yale mekundu.)

Sketi. Umeshusha pindo ukategemea pasi ifute mstari. Kuna mistari ya aina mbili. Ule wa mkunjo hutoka kwa siki na maji nusu kwa nusu, unalowesha kitambaa chembamba, unakiweka juu ya mstari na kupiga pasi. Ule wa rangi iliyochuja hautoki, kwa sababu rangi haipo tena, na kwa unavyoueleza huu wako ni wa pili. Njia iliyo na siri zaidi ni kuongezea juu, si chini. Fumua mkanda wa kiuno, ongeza kipande cha sentimita 6 cha kitambaa cha rangi hiyo kati ya mkanda na sketi, rudisha pindo mahali pake pa zamani, hakitaonekana sana. Hatari yake iko kwenye marinda: yataanza chini zaidi, na kama binti ana nyonga yatafunguka. Shona kila rinda sentimita 6 au 7 kwenda chini kulishikilia. Na kama hata baada ya hapo sketi haimtoshi, huenda sketi hii imemaliza kazi yake kwake. Mdogo wa jirani yupo.

Ila dada, sweta kiunoni halitokani na mstari peke yake. Kabla ya kumkanya tena, jaribu kumkabidhi hizo kuponi zake azigawe mwenyewe. Ana hatari ya kuzitumia zote kwa kiatu kimoja. Ana uwezekano pia wa kukushangaza.

Nimemwacha mama kwa sababu yeye anahitaji nafasi.

Wewe ulikutana na viraka vya vita kwa kusoma, vimeshakuwa hadithi ya watu hodari. Yeye alikutana navyo mwilini. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mkanda miezi 18. Ikapita miezi 18, ikapita na miaka. Sabuni, sukari, khanga, vyote foleni. Wala kule kwake hapakuwa na kijitabu cha kuponi cha kumhakikishia kwamba akifika dirishani fungu lake lipo. Ulifika, ukaambiwa imekwisha, ukarudi. Kwa hiyo anapokuambia "wewe dukani kumejaa", sidhani anakutetea matumizi ya ovyo. Naisikia kama hofu: kwamba mwanawe, aliyembeba kwa khanga ya foleni, amerudi kulekule. Naweza kukosea, wewe ndiye uliye naye. Lakini umemweleza kwamba mnapaua? Kwamba kola ile ni bati? Katika barua yako sijaona mahali alipoambiwa habari ya nyumba.

Mbele yako naona njia kama tatu, na hakuna iliyo nyoofu kabisa.

Unaweza kuendelea kama ulivyoanza hadi Desemba 31. Utapata fedha kidogo zaidi na utaridhika kwamba ulimaliza ulichoanza. Hatari ni kwamba nyumba itapauliwa na watu watakaoikumbuka kwa kola na sweta. Unaweza kuacha kabisa. Amani itakuja haraka, lakini mkaa na king'amuzi huwa vinarudi pamoja na nguo, na wewe mwenyewe unaweza kubaki na kinyongo kwamba ulifanya kazi peke yako na ukazomewa. Au unaweza kugawa daftari: vinavyokaa ndani ya nyumba, kama shuka, foronya, kapu na sabuni, vibaki chini ya mkono wako, kinachovaliwa na mtu nje, aulizwe yeye kwanza, na akikataa iishe. Hii inaonekana rahisi kwenye karatasi. Ugumu wake ni kwamba wewe unapenda sheria, na sheria yenye mlango huwa inakuudhi.

Na saa zako zihesabu. Kola tatu, shuka mbili, sketi, foronya: daftari lina safu ya fedha na safu ya kuponi, halina safu ya usiku uliokaa kwenye cherehani.

Kuhusu sare nitakuwa mfupi. Uliposema utavaa kitenge cha mwaka jana, wewe ulikuwa unazungumzia kuponi 4, wao wamesikia unazungumzia bibi arusi. Kuna nafasi katikati: nunua kitenge, ushonaji ufanye mwenyewe kwa mshono ambao baadaye utafumuka ukawa sketi ya binti na shati la mwanao. Chagua sketi pana isiyo na vipande vingi, usiweke mkato chini ya magoti, acha sentimita 3 kila ubavu. Au mwendee wifi mwenyewe, si kundi, umwambie mnapaua. Anaweza kuudhika. Anaweza pia kukuuliza bati ngapi zimebaki.

Sasa khanga. Inarudishika, ila haitarudi ilivyokuwa, na usianze bila yeye. Muulize kwanza kama anataka. Kuna watu hawapendi kuona kilichokatwa kimeunganishwa, na huenda kule kuupakata mto ndiyo namna yake.

Akikubali, fumua foronya kwa ncha ya wembe: kata mshono mmoja kila baada ya mitatu upande mmoja, kisha uvute uzi wa upande wa pili. Usivute kitambaa chenyewe, pamba ya zaidi ya miaka arobaini huachia kabla ya uzi. Kwa bahati ulichokunja ndani ya mshono bado kipo, kwa hiyo kilichopotea ni kile tu ulichokipunguza kwa mkasi. Rudisha na vipande vya pindo kutoka kwenye kapu. Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu.

Tafuta marekani nyepesi au poplini nyeupe, mita 1.7 kwa 1.3, uifue mara mbili kwa maji ya moto ili irudi kabla, si baada. Tandaza sakafuni, panga vipande juu yake kingo zikigusana bila kupandiana, ukianza na jina: HAU ikutane na OZI, ndipo mengine yafuate. Ukianza na pindo, jina litakuja kupishana. Piga bandi kila sentimita 10, kutoka katikati kwenda nje. Kisha shona viungio kwa mkono, uzi wa pamba mmoja, sindano nyembamba, mishono midogo inayovuka kutoka kingo moja kwenda nyingine na kushika marekani iliyo chini. Usitumie cherehani hapo. Meno yake huvuta kitambaa cha chini na cha juu kinabaki nyuma, ukifika mwisho umepoteza sentimita nzima na herufi zimepinda. Palipochanika ukingoni pafume kwa uzi wa rangi iliyo karibu, usikate kitu.

Itakuwa nzito kidogo na alama zitaonekana. Si ya kujifunga tena, ni ya kutandika au kufunikia. Ni kazi ya jioni kama sita, na mwenye macho yanayotibiwa hawezi kutunga uzi, lakini kupanga vipande anaweza, na yeye ndiye anayeikumbuka ilivyokuwa.

Mpaka mtakapozungumza, vile vipande vya pindo vitoe kwenye kapu leo, kabla mvuke haujavimaliza, uviweke kwenye bahasha.

Mshauri